Siku Sita Katika Milima ya Uskoti

Wasomaji wetu wengi wanaijua pikipiki. Ndiyo impelekayo mgonjwa zahanati, ndiyo iletayo mahindi kutoka shambani, ndiyo imfikishayo mgeni mlangoni usiku wa mvua. Leo twataka kuwaeleza habari za pikipiki za mbali, katika nchi ya Uskoti, kaskazini ya Uingereza. Huko, kila mwaka mwanzoni mwa mwezi wa Mei, watu wapatao 280 hukusanyika na pikipiki zao kushindana kwa siku sita mahali pasipo na barabara.

Haya si mashindano ya mbio. Hatafutwi aliye mwepesi kuliko wenzake, bali yule awezaye kupanda mawe, kuvuka mito na kupita topeni bila kuweka mguu chini, na jioni ya siku ya sita kuirudisha pikipiki yake ingali nzima. Yalianza mwaka 1909, na chama kiyaendeshacho ni chama cha waendesha pikipiki wa Edinburgh. Vita kuu mbili ziliyasimamisha, na katika miaka ya 2020 na 2021 yalisimama tena kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Miaka mingine karibu yote yamefanyika.

Hatutakaa sana juu ya washindi. Twataka kuona jinsi watu hawa wanavyojitayarisha kabla ya kuondoka, maana wao wenyewe husema kazi kubwa hufanyika nyumbani, miezi mingi kabla ya siku ya kwanza.

NCHI YENYEWE

Ukitoka mji wa Glasgow kwa gari la moshi kwenda kaskazini-magharibi, utapita katika nchi pana isiyo na mashamba wala miti mingi. Ndiyo Rannoch, nchi ya vinamasi. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1894. Mafundi walipofika hapo waliona ardhi inameza kila kitu walichomwaga. Basi wakatandika matita ya matawi na mizizi ya miti, wakamwaga juu yake udongo na majivu, ndipo wakalaza reli. Hata leo gari la moshi hupita juu ya matandiko hayo. Jambo hilo latosha kumwonyesha msomaji ni ardhi ya namna gani.

Mwisho wa safari ni Fort William, mji mdogo ulio kando ya mkono wa bahari unaoingia bara. Hapo ndipo makao ya mashindano siku hizi. Zamani waendeshaji waliondokea Edinburgh, wakaja huku na kurudi. Juu ya mji umesimama mlima Ben Nevis, wenye mita 1,345, mrefu kuliko yote katika Uingereza na Uskoti. Mtu wa Moshi aliyezoea kuutazama Kilimanjaro wenye mita 5,895 ataweza kucheka. Lakini mlima huu wa Uskoti waanza kupanda tangu ufukweni, na mwezi wa Mei bado waweza kuona theluji juu yake.

Mvua ndiyo mwenyeji wa huko. Fort William hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya mvua ya Dodoma. Tena si mvua ya kunyesha ikaisha jua likatoka. Ni manyunyu ya kutwa, ya baridi, yanayopenya shingoni na katika viatu. Udongo wa vilimani ni mweusi, umetokana na majani na nyasi zilizooza kwa maelfu ya miaka, nao hushika maji kama sifongo. Kwa juu waona nyasi tu. Ukikanyaga, waingia mpaka gotini. Pikipiki ikiingia hapo hadi ekseli, hakuna wa kuivuta ila mwenyewe na mwenzake atakayefika nyuma yake.

Pasipo tope pana mawe. Mahali pamoja panapojulikana sana ni juu ya kijiji cha Kinlochleven. Zamani palikuwa na kiwanda cha alumini hapo, ambacho sasa kimefungwa, na mabomba makubwa yalileta maji kutoka juu kwa ajili ya umeme wake. Kando ya mabomba hayo upo mteremko mkali wa mawe yaliyolegea. Waendeshaji hupaswa kuupanda, na watu huja kwa mamia kusimama pembeni kutazama. Huko chini injini hulia, mawe huporomoka, na mara nyingi mtu na pikipiki yake hurudi pamoja nayo.

KANUNI ZA MASHINDANO

Kila siku mwendeshaji hupewa njia ya kufuata, pengine kilomita 100, pengine zaidi. Njia hiyo hupita barabarani, kisha milimani, kisha barabarani tena. Ndani yake mna vipande vya mtihani vipatavyo 30 kwa siku, vilivyowekewa alama pande mbili. Katika kila kipande amesimama msimamizi mwenye karatasi na kalamu. Mwendeshaji akipita bila kugusa chini, hapewi alama. Akigusa chini kwa mguu mara moja, anaandikiwa 1. Akigusa mara mbili, 2. Akigusa mara tatu au zaidi, 3. Akianguka, au akitoka nje ya mipaka, au akishindwa kabisa kupita, 5. Mwenye alama chache kuliko wote baada ya siku sita ndiye mshindi. Tena saa zinahesabiwa: achelewaye kufika huongezewa alama.

Kanuni hizi ni rahisi kuzifahamu. Ziko nyingine zilizo ngumu zaidi, nazo ndizo zinazomfanya mtu ajitayarishe.

Kwanza, siku iliyotangulia mashindano pikipiki hukaguliwa, na sehemu zake kubwa, kama fremu na injini, hutiwa alama ili mtu asije akazibadili kwa siri. Pikipiki aliyoanza nayo ndiyo apaswayo kumaliza nayo.

Pili, jioni pikipiki zote huingizwa katika uwanja uliofungwa. Huko hulala, wala mwenyewe haruhusiwi kuigusa. Basi akitaka kukaza nati au kubadili kitu, itampasa afanye hivyo mchana, katika saa zake za safari, huku dakika zinakwenda.

Tatu, hakuna fundi wa kumsaidia njiani. Mwenye kuendesha ndiye mwenye kutengeneza. Ndugu yake aweza kumfuata kwa gari mpaka mahali barabara inapoishia, akampa chai na mkate, lakini asiitie mkono pikipiki.

Kwa kanuni hizo msomaji aona mara moja jambo lililo hatarini. Mtu ameomba nafasi miezi mingi kabla, maana waombao ni wengi kuliko nafasi zilizopo. Amejiwekea akiba mwaka mzima, ameomba likizo kazini, amesafiri siku nzima au zaidi. Kisha siku ya pili, katikati ya kinamasi, bolti moja iliyolegea yaanguka topeni. Kazi yote ya mwaka imekwisha hapo.

PIKIPIKI ISIYO NA KITI

Pikipiki ya mashindano haya haifanani na zile tuzionazo vijijini. Zetu huwa na uzito wa kilo 100 na zaidi. Hii ina kilo 70 hivi. Haina kiti cha kukalia, maana mwendeshaji husimama kutwa juu ya vikanyagio. Tangi lake hubeba lita 2 na nusu au karibu na hapo. Nyingi zina injini za kutumia petroli iliyochanganywa na oili. Lakini juu ya hayo yote lazima iwe na namba na karatasi zake za barabarani, na mwendeshaji awe na leseni na kofia ngumu, kwa sababu kati ya mlima na mlima anapita barabara za serikali pamoja na magari mengine.

Matairi yake ni laini. Sisi hujaza tairi upepo wa ratili 30 hivi kwa kila inchi ya mraba. Wao, tairi la nyuma hulijaza ratili 4 au 5 tu. Tairi hilo hujilaza juu ya jiwe na kulikumbatia, kama kiganja cha mkono kinavyoshika mpini wa jembe. Ila tusije tukawaiga katika hilo. Sisi tunabeba abiria na magunia, na tairi lisilo na upepo wa kutosha litapasuka au kutoka katika rimu.

Faida ya wepesi alionyesha Sammy Miller, mzaliwa wa Belfast. Mwaka 1962 na mwaka 1964 alishinda kwa pikipiki ya Ariel yenye injini ya sentimita za ujazo 500, aliyokuwa ameipunguza uzito kidogo kidogo kwa miaka. Kila chuma alichoweza kukibadili kwa kitu chepesi alikibadili. Halafu akaiacha na kuchukua Bultaco, pikipiki ya Hispania yenye injini ndogo, isiyofika kilo 100. Wengi walishangaa. Lakini mwaka 1965 alishinda kwa hiyo hiyo ndogo, na mara ile ya kwanza pikipiki isiyo ya Uingereza ikachukua ushindi. Akashinda tena mwaka 1967 na 1968. Tangu hapo pikipiki nzito zilianza kutoweka katika mashindano hayo.

KAZI YA NYUMBANI

Mwendeshaji mwenye busara huanza kazi wakati wa baridi. Huifungua pikipiki yote, akabaki na fremu tupu. Kila beringi huoshwa na kutazamwa. Yenye kulegea hutupwa, mpya hutiwa grisi ya kutosha. Kwa nini? Kwa sababu atavuka mito mingi, na maji yaingiayo katika beringi leo huleta kutu kesho.

Kisha hukaza spoku moja moja, akizigonga na kusikiliza. Spoku iliyolegea hutoa sauti tofauti na wenzake. Huweka mnyororo mpya. Vitambaa vya breki huweka vipya pia, maana mchanga na maji huvila kama panya alavyo mahindi. Chujio la hewa hulisafisha, akalipaka oili, na kisanduku chake akakiziba vizuri. Injini ikivuta maji badala ya hewa, itazimika mtoni.

Bolti zote hutiwa gundi ya kushika nyuzi zake. Nyingine hufungwa kwa waya. Baadaye huchora mstari mdogo wa rangi, nusu juu ya nati na nusu juu ya fremu. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari huachana. Hivyo akisimama kunywa maji, kwa kutupa jicho tu ajua lipi limelegea. Ni jambo la senti chache, lakini limeokoa wengi.

Iko hekima nyingine ya watu wa zamani. Walibadili nati za pikipiki mpaka nyingi zikawa za kipimo kimoja, ili spana moja ifanye kazi ya spana tano. Walilaza waya wa pili wa mafuta pembeni ya ule wa kwanza, tayari kabisa. Wa kwanza ukikatika, hawakuhitaji kufungua tangi. Waliunganisha ncha mbili wakaendelea. Na mikono ya breki na klachi hawakuikaza sana. Pikipiki ikianguka, mkono uliokazwa mno huvunjika, lakini ule ulioachiwa kidogo huzunguka tu, nawe wairudisha kwa kiganja.

Baada ya kuifunga pikipiki, haiweki ndani ikangoja Mei. Huiendesha wiki nyingi katika tope na mawe ya kwao, ili kama kuna ubaya uonekane mapema. Wiki ya mwisho habadili kitu. Hata viatu vipya havivai kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Kiatu kipya na tairi jipya havijui huruma.

Mwisho hujifunza kazi ya mikono. Hutoa gurudumu, akabadili mpira wa ndani, akalirudisha. Siku ya kwanza humchukua nusu saa na vidole vyatoka damu. Hurudia jioni baada ya jioni mpaka afanye kwa dakika chache. Wengine hujizoeza gizani, au wakiwa wamelowa mikono kwa maji baridi, maana ndivyo itakavyokuwa huko.

MFUKO WA SAFARI

Sasa yuko mezani, ametandika vitu vyake vyote, na sharti achague. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mgeni hutaka kubeba kila kitu, na jioni ya siku ya kwanza mgongo humuuma hata hawezi kusimama wima. Mzoefu hujiuliza maswali mawili juu ya kila kitu: Je, kikiharibika kitanizuia kumaliza? Je, naweza kukitengeneza mwenyewe njiani? Akijibu ndiyo mara mbili, kinaingia mfukoni. La sivyo kinabaki mezani.

Kwa hiyo huchukua spana zile tu zinazofaa nati za pikipiki yake, bisibisi, koleo ndogo, vyuma viwili vya kufungulia tairi, pampu, plagi moja, mpira wa ndani mmoja, viraka, kiungo cha mnyororo, mkono mmoja wa breki na mmoja wa klachi, waya laini, na utepe wa kunata. Utepe haubebi katika gurudumu lake zima, bali huuzungushia pampu, usichukue nafasi. Vizito huviweka chini karibu na kiuno, vyepesi juu. Kila kitu kina mahali pake pasipobadilika, hata aweza kukipata akiwa amefumba macho.

Chakula ni kidogo kidogo: ndizi, mkate, njugu, na maji. Mtu aliyesimama kutwa juu ya pikipiki baridini hutumia nguvu nyingi, naye asipokula mpaka aone njaa, amechelewa. Mikono huanza kutetemeka, fikira huzunguka, akaanguka mahali ambapo asubuhi angepita akiimba.

NGUO NA SAA

Baridi ya mvua yaweza kuua, hasa mtu aliyechoka na kulowa. Basi nguo ya ndani ni ya sufu au ya namna inayokauka upesi, si pamba ishikayo maji. Juu yake koti na suruali visivyopitisha mvua. Viatu ni virefu, vyenye soli ya kushika mawe. Glavu kavu za pili huzifunga katika mfuko wa plastiki, akazifungua saa za mchana wakati zile za kwanza zimekuwa kama samaki.

Zamani kabla ya plastiki walivaa makoti ya pamba iliyopakwa nta. Mwaka 1936 kampuni ya Barbour ya Uingereza ilitengeneza koti la namna hiyo kwa ajili ya mashindano mengine ya siku sita, yale ya kimataifa, yaliyoanza mwaka 1913 na kuzunguka nchi mbalimbali. Koti lile lilipata sifa, na hata watu wasiopanda pikipiki wakalivaa.

Tukiyataja hayo ya kimataifa, isidhaniwe kwamba ni mambo ya wanaume peke yao. Mwaka 1927 wanawake watatu wa Uingereza, Marjorie Cottle na wenzake wawili, walishika kombe la fedha la mashindano hayo. Huyo Marjorie Cottle alipanda pia milima ya Uskoti, katika miaka ambayo pikipiki zilikuwa nzito na njia mbaya zaidi ya sasa.

Saa nayo ni chombo cha safari. Mwendeshaji huandika katika kijikaratasi saa ya kuondoka, saa za vituo vya mafuta, na saa ya kurudi. Tangi lake ni dogo. Akipita kituo cha mafuta kwa haraka ataisukuma pikipiki mlimani. Mchana wa Mei huko ni mrefu, na jua halizami mpaka saa tatu usiku imepita. Hilo ni jambo jema, lakini pia humdanganya mtu. Huona mwanga mwingi akadhani muda ni mwingi, kumbe saa yake imekwisha.

Jioni, pikipiki ikiwa imefungiwa, kazi haijaisha. Viatu hujazwa magazeti makavu yanyonye maji. Glavu hufuliwa. Mfuko hufunguliwa na kupangwa upya: kilichotumika kinawekwa kingine. Kisha ala, na kulala mapema. Wasindikizaji wazuri hawamlazi mtu wao kwa kelele. Humwekea chakula cha moto, humkaushia nguo, humwamsha saa yake. Wapo watu ambao hawajapanda pikipiki kamwe, nao ndio waliowafikisha wengine mwisho.

Twaweza kutoa mfano wa nyumba moja, ukoo wa Lampkin wa jimbo la Yorkshire. Ndugu watatu wa nyumba hiyo walishinda Uskoti kila mmoja kwa wakati wake: Arthur mwaka 1963, Alan mwaka 1966, na Martin miaka mitatu mfululizo, 1976, 1977 na 1978. Kisha akaja Dougie, mwana wa Martin, akashinda mara 12, na hakuna aliyemfikia. Mtoto aliyekulia katika nyumba ile aliona spana kabla hajajua kusoma. Ujuzi wa namna hiyo haununuliwi dukani.

RUHUSA YA WENYE NCHI

Liko jambo ambalo watazamaji wengi hawalioni. Milima ile si pori lisilo na mwenyewe. Ina wenye mashamba, wafugaji wa kondoo, na walinzi wa kulungu. Kila mwaka wenye mashindano huwaendea hao kuomba ruhusa ya kupita. Mwezi wa Mei kondoo wana watoto wadogo. Basi kanuni husema: pita katika njia iliyowekwa tu, funga lango ulilolifungua, usifanye mazoezi mahali pale kabla ya siku. Atakayekata kona katika udongo ule laini ataacha jeraha la miaka, na mwenye shamba aweza kufunga njia kwa wote.

Wafugaji wetu watalielewa vizuri lile lililotokea mwaka 2001. Ugonjwa wa miguu na midomo uliingia katika mifugo ya Uingereza, na wanyama wengi sana wakachinjwa na kuchomwa ili kuuzuia. Mwaka huo mashindano hayakufanyika. Watu walikuwa wameshajitayarisha, pikipiki ziko tayari, lakini tope la tairi moja lingeweza kuupeleka ugonjwa kutoka bonde hili mpaka bonde lile. Waendeshaji wakakaa nyumbani. Mwaka uliofuata milango ikafunguliwa tena.

FAIDA KWETU

Mtu atasema: Yatufae nini hayo? Sisi hatushindani. Ndiyo, hatushindani, lakini njia zetu za masika si bora kuliko zao, na kilicho juu ya pikipiki zetu chazidi kikombe cha fedha. Nyuma ya kijana wa bodaboda amekaa mama mwenye uchungu wa kuzaa, na zahanati iko kilomita 20. Mganga amebeba chanjo zinazohitaji kufika kabla barafu haijayeyuka. Mwalimu amebeba mitihani. Pikipiki ikisimama katikati ya pori usiku, hakuna msimamizi wa kuandika 5 na kumruhusu ajaribu tena kesho.

Tena si lazima kuwa na fedha nyingi. Yale makubwa wayafanyayo Uskoti ni kazi ya macho na mikono. Mwenye pikipiki kijijini aweza kuanza na haya:

Asubuhi kabla ya kuwasha, zunguka pikipiki mara moja. Gusa mnyororo, bonyeza matairi, jaribu breki zote mbili, tazama kama oili inavuja.

Mara moja kwa wiki, kaza nati zote na uzitie mstari wa rangi. Rangi ya kucha ya dada yako yatosha.

Chini ya kiti weka kifurushi kidogo kisichoguswa na mtu: plagi, spana ya plagi, spana mbili za nati za magurudumu, viraka na gundi yake, kiungo cha mnyororo, waya, na tochi. Pampu ifunge kwenye fremu.

Mnyororo upake oili baada ya mvua, si kabla tu. Chujio la hewa lisafishe mara nyingi zaidi wakati wa kiangazi, kwa sababu ya vumbi.

Ukifika mtoni, shuka kwanza. Ingiza fimbo uone kina, tazama mwendo wa maji. Mto uliofurika usiujaribu, hata kama abiria anakuhimiza. Na injini ikiwa imekunywa maji, usiipige kiki kwa nguvu. Toa plagi, ipige taratibu maji yatoke, kausha plagi, ndipo uirudishe.

Kofia ngumu ziwe mbili, yako na ya abiria.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kijana atakayetumia Jumamosi moja kufungua gurudumu lake na kulirudisha, mara tatu au nne, mbele ya mtu ajuaye, atakuwa amejifunza lile ambalo watu wa Uskoti hulipita majira yote ya baridi wakijifunza. Masika yatakapofika, naye akapata pancha usiku njiani kwenda zahanati, mikono yake itajua la kufanya.